Msiuze kwa kilo meza ya fundi saa

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Barua hii nimeiandika nikaichana mara mbili, kwa sababu kila nikianza hasira zinanitangulia. Hii ya tatu naiandika baada ya sala ya alfajiri, roho yangu imetulia kidogo.

Mwezi uliopita, siku ya Jumatano, nilipanda gari ya abiria kutoka Wete kwenda Chake Chake kuchukua saa yangu kwa fundi. Sikuwa na habari yoyote. Nilipofika pale barazani pake, alipokaa tangu mimi ni msichana, nilimkuta kijana anauza makava ya simu. Nikauliza. Nikaambiwa fundi amefariki, arubaini yake imeshapita na khitma imeshasomwa. Nikamwombea dua palepale nilipokuwa nimesimama, kisha nikashika njia kwenda kwake kutoa pole. Nilikaribishwa vizuri. Baada ya chai nikauliza, kwa adabu, meza ya kazi ya marehemu iko wapi. Mwanawe mkubwa, kijana mwenye heshima zake, akanijibu, "Bi Mkubwa, vile vyuma vyote tulimpa mnunuzi wa vyuma chakavu. Vilitoka kilo kumi na moja na kitu."

Mhariri, nilishindwa kumaliza chai.

Mimi ni mkunga mstaafu. Nimefanya kazi miaka arubaini, nyingi hapa Pemba, na wengi wa wanaonisoma leo huenda mikono yangu ndiyo ya mwanzo kuwagusa. Kwa miaka karibu thelathini pia nimekuwa nikikusanya saa za mkono, zile za kutia ufunguo na zile zinazojitia zenyewe ukitembea. Ninazo ishirini na tatu. Watu wakisikia hivyo huuliza mara moja, "Una Rolex?" Sina, na sijawahi kuitafuta. Saa nilizonazo ni zile zilizovaliwa na watu wa visiwa hivi: mabaharia, walimu, wachumaji karafuu waliouza msimu ukawa mzuri, makarani wa bandarini. Kila moja najua imetoka mkono wa nani.

Ya kwanza sikuitafuta. Mwaka 1977 nilipokwenda Unguja kusomea uuguzi, tuliambiwa kila mwanafunzi awe na saa yenye akrabu ya nukta, yaani ya sekunde, maana bila ya nukta huwezi kuhesabu mapigo ya moyo. Baba yangu alikuwa mkulima wa Mtambwe, na msimu ule haukuwa wa maana. Akaenda kwa mjomba wake, mzee aliyekuwa zamani akisafiri na majahazi ya boriti mpaka Ghuba na Bara Hindi, akamwazima saa yake. Ilikuwa West End, saa ya Uswisi iliyouzwa sana Bombay na kwenye bandari za Waarabu, kwa hiyo mabaharia wetu wengi waliijua. Kwangu ilikuwa kubwa, ikinizunguka kwenye kifundo cha mkono kama bangili. Baba alitoboa tundu mbili za ziada kwenye mkanda kwa msumari wa moto. Na tundu zile hazikulingana, moja imekwenda upande, na mpaka leo mkanda ule ninao ingawa hauvaliki tena.

Kwa saa ile nilijifunza kusikiliza moyo wa mtoto aliye tumboni. Tulikuwa na pembe ya mbao. Unaweka upande mmoja juu ya tumbo la mama na sikio lako upande wa pili, na macho yako yako kwenye akrabu ya nukta. Moyo wa mtoto hupiga mara 110 mpaka 160 kwa dakika, mbio kuliko wako mara mbili, na ukipoteza hesabu lazima uanze upya. Saa za zamani nyingi hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara tano katika kila nukta, ndiyo maana akrabu yake huonekana kama inateleza. Saa ya betri huruka mara moja kwa nukta, tak, tak, na mimi kila nilipojaribu kuhesabia saa ya betri kile kiruko kilikuwa kikiniingilia ndani ya hesabu. Wenzangu walizoea. Mimi sikuweza.

Na kulikuwa na jambo jengine la saa wodini ambalo wageni hawalijui. Kitabu cha spitali kinataka saa za kizungu, siku inaanza usiku wa manane. Sisi siku yetu inaanza magharibi. Wazee wetu wengine walikuwa wakitia saa zao majira kila jua likizama, wanaiweka akrabu kwenye kumi na mbili kamili, na huku kwetu karibu na ikweta jua halichezi sana kwa hiyo haikuwa taabu. Sasa mtoto akizaliwa saa mbili za usiku siku ya Alhamisi, mimi naandika Alhamisi, 20:00. Bibi yake kasimama mlangoni ananiambia, "Mkunga, huyu kazaliwa usiku wa Ijumaa, muandikie Ijumaa yake." Sote wawili tunasema kweli. Nilikuwa naandika ya spitali kitabuni, na ya bibi kwenye kikaratasi nampa mama aende nacho. Watoto wengine wamepewa majina kwa kikaratasi kile.

Saa ya pili ndiyo iliyonipeleka Chake mwezi uliopita. Madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu miaka ya 1960, wanakuja kundi baada ya kundi, na mwaka 1981 nilifanya kazi na daktari mmoja mwanamke kwa muda wa mwaka na zaidi. Hakujua Kiswahili zaidi ya "sukuma", "pumua" na "pole", na maneno hayo matatu kwa kazi yetu yalitosha kwa mambo mengi. Siku ya kuondoka alivua saa yake, akanifunga mkononi mwenyewe, akaubana mkanda. Ni saa ya Shanghai, ya kutia ufunguo, yenye vito kumi na saba, vile vijiwe vya ndani vinavyoshika mihimili ya magurudumu, uso mweupe. Ile West End nikamrudishia mjomba wa baba, na alipofariki ikarudi kwangu kwa wosia.

Mpaka hapo nilikuwa mtu mwenye saa mbili tu. Kilichonibadilisha ni mwaka 1994. Jirani yangu alifiliwa na mume, akaniletea saa ya marehemu, Seiko 5, kama shukrani kwa kuwa niliwazalisha yeye na mabinti zake wawili. Nikamwambia, hii ni mali ya mirathi, ina wenyewe, siwezi kuipokea hivi hivi. Tukakaa na warithi, ikathaminiwa, nikailipa, kila mmoja akapata fungu lake. Ilikuwa imesimama. Nikaipeleka kwa fundi Chake.

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Aliifungua mgongoni, akaiweka juu ya kitambaa cheupe, akafanya aliyoyafanya kwa muda wa nusu saa, kisha akajivua kile kioo chake cha jichoni akanipa. "Tazama hapo." Nikainama. Nikaiona balansi, lile gurudumu dogo la rangi ya dhahabu, linakwenda na kurudi, linakwenda na kurudi, na chini yake kamani nyembamba kama unywele inajikunja na kujikunjua. Mhariri, mtu aliyewahi kuweka kidole juu ya utosi wa mtoto mchanga, pale mahali palipo laini ambapo unaona ngozi inapiga, atajua nilichokiona. Nilisimama pale hata gari ya mchana ya Wete ikaniacha.

Ile Seiko 5 ni saa ya watu wa kawaida, ilitoka mara ya kwanza Japani mwaka 1963. Ndani yake kuna kipande cha nusu duara kinachozunguka kila ukitikisa mkono, ndicho kinachoikaza kamani. Siku na tarehe ziko kwenye dirisha moja, na ile ya jirani yangu siku zake zimeandikwa kwa Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kwa kuwa ilinunuliwa Maskati. Ijumaa yake ni nyekundu. Ndiyo ninayoivaa ninapoandika.

Baada ya hapo kila nikienda Unguja kwa semina au kwa ndugu, nilikuwa nikizunguka Mchangani na Darajani na vichochoro vya Mji Mkongwe nauliza saa mbovu. Kikwajuni nilinunua Glashütte kutoka kwa bwana mmoja ambaye baba yake alifanya kazi na Wajerumani wa Mashariki waliokuja kujenga majumba baada ya Mapinduzi. Glashütte ni mji mdogo wa Ujerumani, wanatengeneza saa tangu 1845, na hii yangu ya aina ya Spezimatic wakati huo ilikuwa saa ya mfanyakazi. Nina na Slava ya Kirusi. Fundi aliipenda kuliko zote kwa kuwa ina kamani mbili badala ya moja, zinagawana kazi. Nina HMT mbili za Bangalore. Kiwanda hicho cha India kilianza kutengeneza saa mwaka 1961 na kikafungwa 2016, kwa hiyo kipande cha HMT za namna hii utakachokipata leo aghalabu ni kile kilichokwisha kutengenezwa zamani. Hapo ndipo ninapotaka kufika, lakini nivumilieni kidogo.

Nimewahi kukosea. Mwaka 2006 nilipata fedha za karafuu za shamba tulilorithi, na mtu mmoja mjini, simtaji, aliniuzia Omega. Uso unang'aa, kesi ya dhahabu, nikalipa laki tatu na nusu bila ya kufikiri mara mbili. Wakati ule kwangu ilikuwa fedha ya kuezekea banda. Fundi alipoifungua alinyamaza kwa muda mrefu. Mashine za Omega za miaka ya 1950 na 1960 zina rangi ya shaba nyekundu, na huwa zimeandikwa jina na namba yake. Hii ilikuwa nyeupe na haina andiko lolote. Uso ulikuwa umepakwa rangi upya, herufi nene kama za kibao cha duka. "Nyumba ya mtu," akasema fundi, "lakini anakaa mwengine." Nililia njiani. Hata hivyo sikuiuza, maana kumuuzia mwengine ningekuwa nimemfanyia nilichofanyiwa. Imo ndani ya bati na kikaratasi nimeandika ukweli wake.

Tangu siku hiyo sinunui saa mpaka ifunguliwe mbele yangu. Na sikubali uso wa saa kupakwa rangi. Watu wengi wakirithi saa ya baba jambo la mwanzo ni kuipeleka "ipendezeshwe": uso upakwe, kesi isuguliwe mpaka pembe zipotee. Yale madoa ya manjano ni umri wa saa na umri wa baba yako. Yaacheni. Tena kwa zile za kale zenye namba zilizokuwa ziking'aa gizani, nasema kama muuguzi: msizikwangue. Rangi ile katika saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 ilikuwa na madini yenye mionzi yaitwayo radiamu. Mng'aro umekufa lakini radiamu yenyewe hupungua nusu tu kila baada ya miaka 1,600. Vumbi lake lisiingie puani.

Adui mkubwa wa saa visiwani ni maji. Karibu nusu ya saa zilizokufa nilizozinunua zimekufa kwa udhu. Mtu anakunja mikono ya kanzu, saa iko mkononi, maji yanapita juu yake mara tano kwa siku kwa miaka. Nyuma imeandikwa inazuia maji mita 30, naye anaamini. Ile mita 30 ni kipimo cha kiwandani saa ikiwa mpya na imetulia. Si ruhusa ya kuogelea nayo, na mpira mwembamba ulio ndani hukauka ukapasuka kama mpira wowote. Maji huingia kwenye ule ufunguo wa pembeni. Jirani yangu mmoja analima mwani, alikuwa akiingia nayo baharini kila bamvua. Tulipoifungua ndani mlikuwa na kutu nyekundu na chembe za chumvi, na kamani imekatika vipande vitatu. Vueni saa, muiweke mfukoni, si kwenye ukingo wa birika la msikiti ambako huanguka au husahauliwa. Zangu nazihifadhi ndani ya bati la biskuti pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya makopo ya vidonge. Wakati wa masika navibadilisha kila mwezi.

Sasa meza.

Meza ile ya fundi ilikuwa na watoto sita, yaani droo, watatu kila upande. Naijua kwa sababu nimekaa mbele yake kwa miaka. Wa kwanza ulikuwa na vioo vya plastiki vya kila kipimo, vimefungwa kwenye karatasi za magazeti ya zamani. Wa pili kamani, kila moja imekunjwa kwenye pakiti yake yenye namba. Wa tatu ndio aliokuwa akiufungua kwa mikono miwili: vijiti vya balansi ndani ya vichupa vyembamba vya kioo. Kijiti hicho ndicho mhimili wa lile gurudumu linalokwenda na kurudi. Ncha zake ni nyembamba kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita, karibu na unene wa unywele wako. Saa ikianguka sakafuni, ndizo zinazovunjika. Tangu 1934 kuna kinga ya Uswisi iitwayo Incabloc, springi ndogo inayopokea kishindo, lakini saa nyingi za mabaharia wetu hazina. Ukivunjika mhimili na huna mwengine wa kipimo kilekile, saa nzima, nzuri namna gani, imekwisha. Mtoto wa nne ulikuwa wa funguo za pembeni na vijiti vyake. Wa tano, saa maiti za kutolea vipande. Wa sita ulikuwa wa saa za wateja, kila moja ndani ya bahasha ya kaki iliyoandikwa kwa penseli.

Vile vichupa havina uzito. Vyote pamoja havifiki robo kilo. Katika zile kilo kumi na moja, kilichopima ni jiliwa, nyundo, mizani na kesi za chuma. Vijiti vya balansi vilivyokusanywa kwa miaka hamsini viliondoka bila ya hata kuitikisa mizani ya mnunuzi.

Siwalaumu watoto wa marehemu. Baba yao hakuwahi kuwaeleza, na wao waliona chuma. Wakati wao wa kukua ndio wakati saa za betri zilipojaa madukani. Saa ya kwanza ya mkono ya betri na jiwe la kwatzi waliiuza Seiko, Tokyo, tarehe 25 Disemba 1969, na tarehe hii nimeishika kwa sababu ni 25 Disemba hiyohiyo, mwaka 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka mbele ya macho yetu. Kufika katikati ya miaka ya 1980 mtu alikuwa akinunua saa ya betri kwa bei ndogo kuliko ya kusafishiwa ile ya babake. Saa hizo zinashika majira vizuri zaidi, sibishi. Saa nzuri ya ufunguo inaweza kwenda mbele au kurudi nyuma nukta kadhaa kwa siku, na ya betri ikakosea hizohizo kwa mwezi. Lakini vijana waliokuwa wakikaa na fundi kujifunza wakaondoka mmoja mmoja, mwengine kwenye redio, mwengine kwenye friji. Fundi akabaki peke yake na meza yake.

Beit al-Ajaib ilipoanguka dunia nzima ilisikia. Meza ya Chake imekwenda na wala hapana aliyejua.

Ndipo nasema kwa yeyote mwenye mzee fundi saa ndani ya nyumba, Unguja au Pemba, aliye hai au aliyetangulia: msiuze meza yake kwa kilo. Msiifungue na kuimwaga kwenye gunia. Vichupa vyenye namba viacheni na namba zake, maana kikitengana na namba yake hapana atakayejua ni cha saa gani. Wachina katika miaka ya 1970 waliamua viwanda vyao vingi vitengeneze mashine ya aina moja, kwa hiyo kwa saa za Kichina za wakati ule unaweza kutoa kijiti hapa ukatia pale. Za Uswisi na za Kijapani aina za mashine ni nyingi. Kila aina inataka chake.

Mtaniuliza, vikihifadhiwa, atavitumia nani? Mjukuu wangu mmoja anatengeneza simu Darajani. Miaka miwili nyuma nilimchukua likizo nikampeleka kwa fundi Jumamosi mbili. Kijana yule ana darubini ya mezani, ana vibano vya kila aina, mkono wake hautetemeki, amezoea skrubu ambazo mimi hata sizioni. Fundi alimpa Seiko 5 aifungue na kuirudisha. Jumamosi ya kwanza springi moja iliruka, tukaitafuta chini kwa sumaku mpaka adhuhuri. Ya pili aliirudisha na ikaenda. Fundi alimtazama, akaniambia, "Mkono anao. Anataka mtu wa kukaa naye." Darajani na Mchangani wamejaa vijana kama huyo. Zana wanazo, macho wanayo. Wanachokosa ni mzee wa kukaa ubavuni mwao mwaka mmoja, na vituo vyetu vya amali, vinavyofundisha ushonaji na umeme na useremala, vingeweza kuwakalisha pamoja kabla wazee hawajamalizika. Kwa hesabu yangu, kwa hapa Pemba, mafundi niliowajua mimi sasa wamebaki wawili, na mmoja jicho lake la kulia lina mtoto wa jicho. Huyo nimeshamzungumzia spitali.

Mimi niko tayari kutoa sebule yangu Wete, na saa zangu zote ishirini na tatu zifunguliwe wajifunzie, hata ile West End ya mjomba. Zikiharibika katika kufundishwa nimesamehe tokea sasa.

La mwisho. Mwana wa fundi, nilipoaga, alinikimbilia nje na daftari. Karatasi hainunuliwi na watu wa vyuma, kwa hiyo lilibaki. Fundi alikuwa akiandika kila saa inayoingia: jina la mwenyewe, kijiji, ugonjwa wa saa, na ikikamilika anatia neno. Katika kurasa za mwisho zimo saa kumi na nne ambazo wenyewe hawakuwahi kuzichukua. Wenye saa hizo nitawafuata mmoja mmoja, vijiji vyao vimeandikwa, wapo wa Konde, wa Mkoani, wa Kengeja. Yangu ni ya kumi na tatu.

Kama wewe msomaji umenunua chuma chakavu kutoka Chake siku za karibuni, au umepita mahali ukaona bahasha za kaki zenye maandishi ya penseli, tafadhali zitazame kabla hazijatupwa. Moja imeandikwa "Mkunga, Wete. Kijiti cha balansi. Tayari." Ndani yake imo saa ya Shanghai, uso mweupe, mkanda mwembamba wa ngozi ya kahawia wa kike, na kwenye mgongo wake karibu na ukingo kuna mkwaruzo mdogo wa mviringo nilioupata mwaka 1986 kwenye chuma cha kitanda cha kuzalishia. Mhariri anazo anwani zangu. Nitailipa bei atakayoitaja aliyenayo, na nauli ya kuifuata popote ilipo ninayo.

Wassalaam,

Mkunga mstaafu,
Wete, Pemba.